Mwaka Tuliposugua Kristali

Mwezi uliopita mwanamke mmoja wa Kalemie aliniletea simu iliyopasuka kioo. Nina kibanda cha kutengeneza simu hapa Buyenzi, Bujumbura, na wateja wangu wengi ni watu wa Kongo, ng'ambo ya mpaka, wanaopita Gatumba asubuhi na mizigo yao na kurudi jioni. Huyu alikuwa muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mtu wa maneno mengi. Nilipokuwa nafungua simu yake alikaa kwenye benchi akiangalia vidole vyangu, kisha akasema, "We mama uko na mikono kama ya muzee mumoja wa kwetu. Alikuwa anatengeneza maredio, polepole vile vile. Tulimuzika juzi juzi tu." Nikamwuliza jina lake, ingawa moyo ulikwisha kulitaja. "Papa Zakaria," akasema. "Zakaria wa foni." Nilimaliza kuweka kioo kipya, nikaifuta simu kwa kitambaa, nikampa. Alipoondoka nilifunga kibanda, na ilikuwa bado saa tano ya asubuhi. Nikaenda nyumbani, nikakaa kitandani na viatu miguuni mpaka adhana ya alasiri.

Mambo ya kwetu, nani alimzaa nani na kwa nini nililelewa na mjomba, nayaacha. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi kwa mjomba Swedi, fundi wa redio na saa. Karakana yetu ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha wateja, na meza ndefu ya mbao iliyojaa alama za kuungua. Cha nyuma kilikuwa cha vitu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Kushoto kwetu walikuwa makanika wa magari, kulia mama aliyepika chapati na chai ya tangawizi, kwa hiyo mchana kutwa tulinusa mafuta ya gari na mafuta ya chapati kwa pamoja, na mpaka leo nikinusa moja bila nyingine naona kuna kitu kimepungua. Simu za mkononi zilikuwapo, lakini zilikuwa bado vitu vya watu wa Kiriri, mtaa wa matajiri kule kilimani. Sisi wengine tulitumana kwa miguu.

Mwezi wa kwanza mjomba alirudi kutoka bandarini na pikapu ya kukodi. Kampuni moja ya meli ilikuwa inafunga ofisi yake, ikauza kila kitu, viti, makabati, na redio tisa zilizotumika kuongea na manahodha ziwani. Zilikuwa za rangi ya kijivu, za zamani sana, kila moja inabebwa na watu wawili. Mjomba alitaka kuzivunja auze shaba. Tulikuwa tumezipanga barazani, nyundo iko tayari, mtu mmoja mrefu mwenye mfuko wa makaa begani akasimama njiani akitutazama. Alivaa shati jeupe lililopauka kwa kufuliwa, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Akaweka mfuko chini.

"Patron," akamwambia mjomba, "hizi muko munazifanya nini?"

"Tunatoa shaba," mjomba akasema.

"Apana. Tafazali, apana. Hizi ziko nzima. Banaziuzisha kwa sababu banapata za mupya. Nipe ruhusa nifungue moja. Ukiona naongopa, mi mwenyewe nitakusaidia kuvunja."

Alikuwa Papa Zakaria. Mchana ule hakwenda tena kupeleka makaa ya watu. Kabla ya adhana ya magharibi redio ya kwanza ilikuwa imewaka, inakoroma kama mtu anayeamka, na mjomba alikuwa ameipeleka nyundo chumba cha nyuma.

Kwa wasiojua foni, nieleze. Upande wa Kongo, kabla ya simu kufika, kila mji mdogo ulikuwa na chumba chenye redio, betri ya gari na mtu wa kuitumia. Unakwenda pale unasema nataka kuongea na kaka yangu wa Kalemie Jumatano saa nne. Mwenye foni anamwita mwenzake wa Kalemie, naye anamtuma mtu akamlete kaka yako. Siku hiyo mnaongea, na wote waliopanga foleni wanasikia habari zenu, nani kafa, nani kaoa, nani kauza mbuzi wa urithi. Papa Zakaria alikuwa na foni katika mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, kwa miaka kumi na sita. Mke wake alikufa mapema, akabaki na binti mmoja, Sifa, aliyekua akilala chini ya meza ya redio. Kufikia miaka kumi na tano Sifa ndiye aliyekuwa akiita hewani, na watu wa ziwa zima waliijua sauti yake kabla hawajaijua sura yake.

Vita vilipofika Baraka watu walikimbilia ufukweni. Habari hii alinisimulia mara moja tu, tukiwa tunakula, na wala hakuacha kula. "Nilimwambia Sifa, tangulia kwa boti, mi narudi kuchukua mashini. Nikarudi. Nyumba ilikuwa inawaka. Nikatoka mikono mitupu, nikafika ku maji, boti yake imekwisha kuondoka. Ilienda chini, ku Kalemie ao Moba, hakuna mutu aliniambia. Yangu ikakuja huku." Akamega ugali. "Kama ningeacha ile mashini iungue, ningekuwa naye." Hiyo ilikuwa miezi mitatu kabla hajasimama barazani kwetu.

Redio zile hazingetufaa kama zilivyokuwa, kwa sababu masafa ya meli ni ya meli, na serikali hairuhusu mtu mwingine kuyatumia. Lakini Kiriri aliishi Monsieur Libère, mhandisi wa simu aliyestaafu, Mrundi mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kuonea mbali. Alikuwa na kibali cha redio za ridhaa, yaani redio za watu wanaoongea hewani kwa kupenda tu, si kwa biashara, na kibali hicho kiliwafunika wanachama wa klabu yake ndogo. Redio yake ilikuwa imepigwa na radi. Mjomba alipomweleza, alishuka mwenyewe mpaka Buyenzi na gari lake, akazitazama redio zote tisa, akasema atazichukua zikishageuzwa, na kwamba Papa Zakaria nami tutaandikwa kwenye klabu tukijifunza kanuni. Alinitazama kwa miwani ya kusomea, halafu kwa miwani ya mbali. "Mademoiselle pia?" akamwuliza mjomba. Papa Zakaria ndiye aliyejibu. "Huyu njo mwenye vidole."

Vidole vilihitajika kwa kristali. Kila masafa katika redio zile yalishikwa na kristali moja, kipande cha jiwe kinachopitisha mwanga, chembamba, cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kimelala ndani ya kijumba cha plastiki chenye skrubu tatu. Masafa ya ridhaa yalikuwa juu kidogo tu ya yale ya meli. Kuagiza kristali mpya Ulaya kungechukua nusu mwaka, lakini Papa Zakaria alijua kwamba jiwe likisuguliwa likawa jembamba zaidi, masafa yake yanapanda. Tulichukua kipande cha kioo cha dirisha, tukaomba kwa makanika wa jirani ile pasta wanayosagia vavu za injini, tukaizimua kwa maji. Unaweka jiwe juu ya kioo, unaliwekea ncha ya kidole kimoja, unalizungusha kama unaandika nane. Mara ishirini, si zaidi. Unaliosha kwa sabuni, unalikausha, unalirudisha kwenye kijumba chake, unasikiliza kwenye redio ndogo ya pembeni mluzi umepanda wapi. Kisha mara ishirini nyingine. Ukikaribia, unaacha pasta ya makanika unatumia dawa ya meno. Ukipita ulipotaka, huwezi kulirudishia jiwe unene wake. Niliharibu mawe matatu, kisha sikuharibu tena lolote, na kwa yote matatu Papa Zakaria alisema neno moja tu, "Haya," akanipa lingine.

Baada ya kristali zilifuata koili za ndani, ambazo mioyo yake ya chuma hugeuzwa kidogo kidogo mpaka redio yote ikubaliane na masafa mapya. Bisibisi ya chuma hudanganya, maana chuma chake chenyewe huivuruga koili, kwa hiyo alinichongea kijiti cha mwanzi. Mahali pa antena alifunga balbu ya taa. Alikuwa akiongea kwenye maiki huku mimi nageuza kijiti, na balbu ikizidi kung'aa tulijua tunakwenda vizuri. Alichokiongea kilikuwa kile kile kila siku: "Sifa, Sifa, Baraka anaita. Sifa, Sifa, Baraka anaita." Hakukuwa na antena, sauti haikutoka nje ya chumba. Mama wa chapati aliniuliza huyo Sifa ni nani, na nilipomwambia, alianza kumletea Papa Zakaria chai bila kuitishwa. Mchana tulikula sote sinia moja, wali na maharage, siku za Ijumaa pilau, na Papa Zakaria, ambaye alikuwa Mpentekoste, alisubiri mjomba arudi kutoka msikitini ndipo ashike chakula. Aliniita mama, kama watu wa kwao wanavyowaita wasichana wanaowapenda. Sijapata mwalimu mwingine. Kila nilichokula tangu mwaka ule nimekila kwa vidole alivyonifundisha kuvitumia.

Mwezi wa nne tulipandisha redio mbili Kiriri. Monsieur Libère alikuwa na chumba nyuma ya nyumba, zamani cha kufulia, chenye dirisha linalotazama mji wote na ziwa mpaka milima ya Uvira. Waya wa antena ulitoka pembe ya paa mpaka kwenye mlingoti mwisho wa bustani. Juu ya meza kulikuwa na daftari kubwa ambalo kila maongezi lazima yaandikwe: siku, saa, nani, anasikika vipi, mmeongea nini. "Hapa si foni," Monsieur alimwambia Papa Zakaria siku ya kwanza, kwa upole lakini bila kucheka. "Mnaongea mambo ya redio na hali ya hewa. Hakuna ujumbe wa watu. Wakitusikia tunapeleka habari za watu, kibali kinakwenda." Papa Zakaria akasema, "Bien reçu," yaani nimesikia vizuri, kama mtu aliye hewani.

Alitii kwa wiki tano. Kila Jumatano na Jumamosi, saa nne asubuhi, tuliita na kusikiliza. Tulipata mtu wa Kigoma, mtu wa Lusaka, na kisha, waziwazi kama yuko nyuma ya ukuta, Frère Mathieu, mtawa mmoja mzungu wa Kalemie aliyeongea Kiswahili cha Kongo vizuri kuliko mimi. Papa Zakaria aliongea naye kuhusu antena na mawingu huku kidole chake kikizungukazunguka juu ya meza. Jumamosi moja nilikuwa nafagia chumba, nikawasikia bustanini.

"Swali moja, Monsieur. Jina la mutoto, basi. Moja tu."

Monsieur Libère aling'oa jani moja lililokauka. Kisha akasema, "Jumatano saa nne nitakuwa natazama maua yangu. Maua yako mbali na dirisha. Sitasikia kitu. Mara moja, Zakaria."

Jumatano ile Papa Zakaria alitaja jina, umri, na alama ya kovu juu ya nyusi ya kushoto. Frère Mathieu akajibu kwamba amesikia, ataulizia kwa masista. Halafu wakaongea kuhusu mawingu.

Jibu lilikuja katikati ya mwezi wa sita. Papa Zakaria alikuwa amelala na malaria kwake Kanyosha, kwa hiyo nilipanda Kiriri peke yangu, na Monsieur alikuwa mjini. Frère Mathieu aliita, nikaitika. Akauliza kama mzee yupo. Nikamwambia ni mgonjwa.

"Basi utamupelekea we," akasema. Akanieleza polepole, akirudia kila kitu mara mbili kama watu wa redio wanavyofanya. Sifa alifika Kalemie na boti ya watu wengi. Wiki ya tatu akashikwa na kipindupindu. Masista walikuwa naye. Alizikwa upande wa parokia, msalaba una jina. Kovu la nyusi walilikumbuka. "Mi kesho napanda boti, naenda kwetu likizo, nitarudi mwezi wa kumi na moja. Usimwambie amesimama. Ukae naye kwanza. Umenielewa?"

"Bien reçu," nikasema.

Nikafungua daftari. Niliandika siku, saa, jina la Frère, anasikika vizuri sana. Mahali pa maongezi kalamu ilisimama. Nikaandika: hali ya hewa, mvua Kalemie.

Mchana ule nilikwenda Kanyosha moja kwa moja. Chumba chake kilikuwa cha udongo, kisafi, kitanda kimoja na ndoo yenye kifuniko, nyuma yake shamba la mihogo la mwenye nyumba. Alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Nilikaa kando yake kama nilivyoambiwa. Akauliza, "Frère alisema nini?" Nikasema, "Anakwenda likizo mpaka mwezi wa kumi na moja." Akafumba macho. "Hakusema ya Sifa?" Nikasema, "Bado." Nilijiambia ngoja homa ishuke. Homa ilishuka baada ya siku nne, akarudi karakanani amekonda, mama wa chapati akampikia uji, na nilijiambia ngoja apate nguvu. Alipopata nguvu tulikuwa kwenye redio ya sita, ile ngumu, na nilijiambia ngoja tuimalize.

Nimewahi kusema kwamba ilikuwa huruma, na watu niliowaambia wamenikubalia, wameniambia ulikuwa mtoto, ulimpenda. Ilikuwa huruma kwa wiki moja. Baada ya hapo ilikuwa kitu kingine. Nilijua siku atakayosikia ataondoka, na akiondoka nitarudi kubadilisha betri za saa za watu, na hakuna mtu Bujumbura nzima atakayeweka jiwe chini ya kidole changu tena. Nilikuwa nimeanza kusikia makosa ya koili kabla ya yeye kuyasikia. Mwaka ule nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilisimama juu ya ile mvua ya Kalemie.

Mwezi wa nane alikodi chumba cha pili, kile kilichopakana na chake, akaniomba nimsaidie kubeba godoro kutoka barabarani. Tulilibeba kichwani, yeye mbele mimi nyuma, tukipita katikati ya mihogo, na majirani wakamwuliza kama anaoa. "Mutoto wangu anakuja," akawajibu. Ndani alikuwa ameweka kitanda cha mbao mpya, kioo kidogo ukutani, na kitenge cha kufunika dirisha. Tukalaza godoro. Akalibonyeza kwa kiganja, hakuridhika.

"Mama, we ni musichana. Lala kidogo, uone kama haitamuumiza mugongo."

Nikavua viatu nikalala. Dari lilikuwa la mabati yenye tundu moja, na mwanga ulianguka kwenye mkono wangu. Alikuwa amesimama mlangoni, anangoja niseme. Nikasema, "Ni laini, Papa." Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kutupikia ugali na ndagala na lengalenga, yaani mchicha, nami nikala kila alichonipakulia, kwa sababu kukataa kungehitaji sababu.

Mvua zilirudi, na Jumatano moja ya mwezi wa kumi na moja tulikuwa watatu katika chumba cha Kiriri. Monsieur Libère alikuwa amekaa na daftari, mimi nilikuwa nimesimama dirishani, Papa Zakaria alikuwa kwenye maiki. Frère Mathieu akaita. Nilisikia sauti yake nikajua, lakini hakukuwa na mahali pa kwenda. Waliulizana hali. Frère akasema redio yake ilikaa vizuri wakati wa likizo. Kisha akasema, "Muzee Zakaria, huko kwetu niliomba misa kwa ajili ya marehemu Sifa. Nilipofika hapa nilipita kaburini. Masista wamepanda maua. Pole tena, muzee. À vous."

Zamu ilikuwa yake, lakini Papa Zakaria alibaki ameshika maiki. Ziwa lilikuwa jeusi kwa mawingu. Kisha akabonyeza kitufe, akajibu kwa utaratibu wote, sauti ile ile ya kazini. "Nimesikia vizuri, Frère. Asante ku misa. Asante ku maua. Huku mvua inakaribia, nitafunga mapema. Terminé." Akazima redio. Akauvuta waya wa antena akauchomoa, kama tulivyofanya siku za radi. Ndipo akamwomba Monsieur daftari, akaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka kwenye kila mstari, mpaka akafika mwezi wa sita.

"Hii ni mukono yako?"

"Ndiyo, Papa."

"Mwezi wa sita," akasema. "Mwezi wa sita Kalemie hakuna mvua." Akafunga daftari taratibu, akalinyoosha lilale sawa na ukingo wa meza. Hakunitazama. "Na pale ku godoro ulilala."

Monsieur Libère alivua miwani, akabaki nayo mkononi. Tuliteremka Kiriri kwa miguu katika mvua, yeye mbele, nami nyuma yake umbali ule ule tuliokuwa nao tukibeba godoro.

Nilidhani hatarudi karakanani. Alirudi kesho yake, kwa sababu redio mbili zilikuwa bado, na alikuwa amempa mjomba neno lake. Kwa siku kumi na mbili tulikaa meza moja. Aliniambia "shika," "legeza," "tena," na hakuniita mama. Siku ya tatu nilimwambia, "Papa, nisamehe." Akaendelea kukaza skrubu. "Ngoja tumalize kazi," akasema. Hakuacha kuongea kwenye maiki tulipopima kwa balbu, lazima mtu aongee, lakini sasa alikuwa anahesabu namba. Mjomba hakuniuliza kitu. Nadhani Monsieur alimweleza. Nilimsikia tu akimwambia mama wa chapati, mlango ukiwa wazi, "Sijui nimgombeze au nimlilie."

Redio ya tisa ilipowaka, Papa Zakaria alinawa mikono, akampa mjomba mkono, akafunga vifungo vya shati. Godoro na kitanda alikuwa amewaachia majirani wa Kanyosha. Alikuwa anakwenda kupanda boti ya Kalemie. Nilimfuata mpaka kona. Akasimama, akasema, "Ile kristali ya redio ya sita usiisugue tena. Iko mwisho." Nikasema nimesikia. Akaondoka.

Frère Mathieu alimpa kazi ya kutunza redio ya misheni. Hilo nililijua kwa sababu Monsieur aliniambia, kwa kauli ya mtu anayetaja hali ya hewa. Mimi niliendelea kupanda Kiriri Jumatano na Jumamosi, na Frère mwenyewe ndiye aliyeita kila mara. Halafu, wiki ya pili ya mwaka mpya, radi zikiunguruma upande wa Uvira na Monsieur akiniambia nizime, ilikuja sauti ya Papa Zakaria. Aliita kwa jina la kituo chetu, halafu akaita kwa jina langu.

"Zuhura. Zuhura. Kalemie anaita."

Nikaitika.

"Nakusikia vizuri," akasema. "Koili yako iko sawa. Nani aliitengeneza?"

"Mimi mwenyewe, Papa."

"Iko sawa." Maiki ikabaki imefunguliwa, nilisikia kiti, nilisikia jogoo wa Kalemie. Kisha akaanza kusema jambo, refu, si la redio, nilijua kwa jinsi sauti ilivyoshuka. Radi ikapiga juu ya ziwa na mkwaruzo ukafunika kila kitu. Nilishika neno "mutoto" na neno "nilirudi," basi. Nikamwomba arudie. Akarudia, na radi ikarudia nayo. Nikamwomba mara ya tatu. Aliyejibu alikuwa Frère Mathieu.

"Muzee ametoka," akasema. "Anasema amekwisha kusema. À vous."

Frère alikuwa amekaa naye chumba kimoja. Alikuwa amesikia kila neno. Zamu ya kuongea ilikuwa yangu, kidole kiko kwenye kitufe, na swali lilikuwa fupi. Lakini niliogopa kwamba alichosema huenda si msamaha. Maadamu sikujua, ningeweza kuishi nacho. Nikasema, "Bien reçu, Frère. Huku tuna radi, tunafunga." Monsieur Libère akaandika kwenye daftari: hali ya hewa.

Papa Zakaria hakuja tena hewani. Frère alirudi kwao baada ya miaka, Monsieur alifariki, chumba cha kufulia sasa ni cha mlinzi. Kalemie si mbali. Boti zinakwenda, mabasi yanapita Uvira, na kwa miaka yote hii nilikuwa nikisema nitakwenda nikamwulize mwenyewe. Yule muuza ndagala alirudi Ijumaa na simu ya dada yake. Nilipokuwa nimeinama juu ya simu hiyo nilimwuliza kama mzee alikuwa na watu siku za mwisho. Akasema ndiyo, parokia nzima, na kwamba walimlaza karibu na binti yake. Nikamwuliza kama aliwahi kutaja watu wa Bujumbura. Akafikiri kwa uaminifu, mkono shavuni, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Apana, mama," akasema. "Sikumusikia."